Kiinua Mgongo

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka 30 katika shule za sekondari zilizo kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, na muda huo wote nilipenda kuwaeleza wanafunzi wangu uzuri wa jina "kiinua mgongo". Mtu aliyeinama miaka mingi juu ya jembe, juu ya mashine, au juu ya madaftari ya watoto wa wenzake, hupewa kitu cha kumwezesha kusimama wima. Waliolitunga jina hilo waliijua kazi. Neno "kikokotoo" ni jingine kabisa. Zamani lilikuwa jina la kile kidude cha kuhesabia ambacho wanafunzi hukificha wakati wa mtihani. Tangu mwaka 2018 limekuwa neno la kila ofisi ya walimu na kila daladala iendayo Usa River, wala sijui neno jingine la hesabu lililopata kuchukiwa na watu wengi kiasi hicho.

Yafaa nieleze mambo yalivyokuwa, kwa kuwa vijana wengi hawakuyaona. Mimi nilikuwa mwanachama wa Mfuko wa PSPF, uliowahudumia watumishi wa Serikali Kuu. Mke wangu alikuwa karani katika shirika moja la umma mjini Arusha, naye alikuwa mwanachama wa Mfuko wa PPF. Tulilala nyumba moja na kula chungu kimoja, lakini uzee wetu ulipimwa kwa vipimo viwili. Kwetu sisi wa PSPF, na wenzetu wa LAPF wa serikali za mitaa, mstaafu alipewa nusu ya pensheni yake kwa mkupuo. Hesabu iligawanywa kwa 540 na mkupuo ukazidishwa kwa 15.5. Kwa mke wangu mgawanyo ulikuwa kwa 580, mkupuo ulikuwa robo tu, nao ulizidishwa kwa 12.5.

Tarakimu hizi zaweza kumchosha msomaji, basi na tuzivishe nguo. Chukua mtumishi aliyefanya kazi miezi 360, na mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa kanuni yetu alipata mkupuo wa shilingi 74,400,000 na pensheni ya shilingi 400,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya pili alipata mkupuo usiofika shilingi 28,000,000, na pensheni ya shilingi 558,000 na ushei. Wapo waliosema kwamba pensheni kubwa ya kila mwezi ndiyo salama zaidi, maana mkupuo huliwa na arusi na magari mabovu. Sikatai; nimeyaona hayo kwa macho yangu. Lakini ili ile ziada ya kila mwezi iufidie mkupuo uliopungua, mstaafu wa miaka 60 hana budi kuishi mpaka apite miaka 84, tena bila bei ya saruji kupanda.

Mke wangu alistaafu mwaka 2015. Nilimwonea huruma kama mtu amwoneavyo jirani aliyenyeshewa, huku mwenyewe nikiwa barazani. Nyumba yetu ilikuwa imefika kwenye linta, nami nikamwambia asiwe na wasiwasi, mkupuo wangu ungeimaliza.

Ndipo ikaja Sheria Namba 2 ya mwaka 2018, iliyoiunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, yaani PSSSF. Kuunganisha mifuko halikuwa jambo baya. Mfuko wetu wa PSPF ulikuwa taabani, na sababu mojawapo ni kwamba watumishi wa Serikali Kuu walianza kuchangia Julai 1999 tu, ilhali mfuko uliwalipa hata kwa miaka waliyotumika kabla ya hapo. Serikali ililikubali deni hilo, na baadaye ikatoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2 kulipunguza. Lakini kanuni zilizoifuata sheria hiyo ziliwaweka watu wote kwenye robo. Hapo sisi wa nusu tuliruka kama tuliomwagiwa maji ya moto.

Jioni moja nilirudi kutoka mkutanoni nikiwa nimepoteza sauti kwa kusema. Mke wangu alikuwa akichambua maharage. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo robo mnayoilaani ndiyo niliyostaafu nayo mimi. Mbona siku ile hamkuitisha mkutano?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka nje nikajifanya naangalia migomba.

Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliwaita Ikulu viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko, akaagiza kanuni za zamani zirejeshwe mpaka mwaka 2023. Tulishangilia sana. Lakini agizo hilo lilimrudisha kila mtu katika chumba chake: wa nusu kwenye nusu, wa robo kwenye robo. Katika shangwe yetu sikusikia hata mmoja akiuliza habari za chumba cha pili, na mimi mwenyewe sikuuliza.

Baba yangu angeuliza. Mwaka 1951, wakoloni walipowaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 katika ardhi ya Engare Nanyuki, kwenye mashamba yaliyoitwa namba 31 na 328, ili wapewe walowezi, kihamba chetu huku chini hakikuguswa hata kwa upana wa unyayo. Hata hivyo baba aliuza mbuzi akatoa mchango. Kwa michango ya namna hiyo Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York mwaka 1952, akalisema shauri la Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Azimio la kuwarudishia ardhi halikupata theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Baba hakupata kusema kwamba mbuzi wake alipotea bure. Alisema tu kwamba waliofukuzwa walikuwa watu wa kwao.

Tarehe 1 Julai 2022, baada ya mazungumzo ya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi, ilianza kanuni moja kwa wote: mgawanyo kwa 580 na mkupuo wa asilimia 33. Waliokuwa kwenye robo walipanda, sisi tukaporomoka. Katika ofisi yetu walikuwamo walimu waliotoka mifuko mbalimbali, na kwa mara ya kwanza niliona chama kikitaka kupasuka kama gogo. Mwalimu mmoja kijana alisema waziwazi katika mkutano wa tawi, "Wazee wetu, shikamooni. Nyinyi mmeshuka, sisi tumepanda. Mkilivuruga jambo hili, na sisi tutanyang'anywa." Mzee mmoja akamwita msaliti. Viti vikaanza kusogezwa.

Nilisimama nikakiri yale niliyoulizwa juu ya sinia la maharage. Nilisema kwamba kijana huyu alikuwa akifanya kile kile nilichokifanya mimi kwa miaka mingi, isipokuwa yeye alikuwa na ujasiri wa kukitamka. Kisha nikaomba ubao, tukaandika hesabu ya kila kundi, wao wakisoma tarakimu zetu na sisi zao. Tulikubaliana kwamba tawi lisipeleke dai la kundi moja peke yake: wa nusu warejeshewe walichopoteza, na wa robo waongezewe. Kijana yule ndiye aliyeandika barua, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Nilistaafu mwaka 2023 kwa asilimia 33. Mei Mosi ya mwaka 2024 iliadhimishwa kitaifa hapa kwetu Arusha, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na mgeni rasmi alikuwa Makamu wa Rais, Dkt. Mpango. Nilikaa juani pamoja na walimu wangu wa zamani, nikifikiri kwamba uwanja huo umepewa jina la mshairi aliyetufundisha vina na mizani, nasi tumeujaza kwa ajili ya mizani ya namna nyingine. Mwezi Juni, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha alitangaza kwamba waliotoka kwenye nusu wangepata asilimia 40, na waliotoka kwenye robo asilimia 35. Wakaingizwa pia waliostaafu tangu Julai 2022. Sisemi kwamba ni barua ya tawi letu iliyofanya hivyo. Barua za namna ile zilikuwa nyingi nchini.

Nyongeza yangu ilipofika tulinunua mabati. Mke wangu alisimama chini akihesabu misumari, akaniuliza kama tangazo lile lilisema lolote juu ya waliostaafu mwaka 2015. Nilimwambia halikusema. Akanyamaza, akaendelea kuhesabu. Jumatatu iliyofuata nilishuka mjini kumtafuta yule kijana mwenye mwandiko mzuri.