Bukavu: Mdiria katika mwanga mweupe

Asubuhi, ukungu unapofunika Ziwa Kivu, mpiga picha mmoja wa Nguba hushuka ukingoni kumngoja mdiria, ndege mweusi na mweupe anayevua samaki. Mchana hupiga picha za pasipoti mbele ya shuka jeupe. Kwa ndege, ukungu ndio shuka. Huongeza mwanga wa kamera mpaka mbingu na maji viwe vyeupe, lakini huchunga manyoya ya kifua yasipotee na jicho libaki na nuru. Upande anaotazama ndege huacha nafasi.

Tangu vita vilipofika mjini Februari 2025, picha hizo humtumia dada yake aliyekimbilia Burundi. Nyumba haionekani, wala ziwa. Dada hujibu: "Huyo ni wa kwetu."