Samaki Huyu Akae na Nani?

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Msemo huo unamfaa samaki mmoja mdogo, asiyezidi urefu wa kidole, ambaye ameingia katika nyumba nyingi za mijini. Anaitwa beta. Watoto humpenda kwa rangi zake na mapezi yake marefu, yanayopepea kama khanga kambani. Lakini dukani humkuta kila mmoja amefungiwa katika chupa yake, na swali la kwanza la mtoto huwa, "Mama, mbona hana mwenzake?" Akina mama wenzangu, swali hilo si dogo. Ndani yake kuna jambo linalotuhusu sisi walezi.

Asili ya beta ni Thailand, nchi iliyoitwa Siam hapo zamani. Hukaa katika mabwawa yenye majani mengi na katika mashamba ya mpunga, penye maji ya kina kifupi yaliyotulia. Wenyeji humwita pla kat, yaani samaki anayeuma. Kwa vizazi vingi watu walimzalisha kwa ajili ya mapigano ya kamari, wakichagua wakali zaidi. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa hilo.

Basi ukali wake ni maumbile yake, wala hauondoki kwa kuzoeshwa. Dume akimwona dume mwenzake hutanua mashavu, husimamisha mapezi, kisha humrarua. Bwawani aliyeshindwa hukimbia. Ndani ya tangi la kioo hana pa kukimbilia. Hata ukimwekea kioo cha kujitazama, hujiandaa kupigana na sura yake mwenyewe. Hata hivyo dume huyo huyo ni baba mwema. Hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, na mayai yakianguka huyaokota kwa mdomo na kuyarudisha mahali pake.

Nyumbani kwetu Dar es Salaam beta aliingia mwaka 2022, pamoja na mtoto. Mdogo wangu alifariki, na mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, akaja kuishi nasi. Mjomba wake alimpa samaki huyo ili apate kitu cha kumtunza. Mtoto alikuwa mkimya mno. Akitoka shule aliketi mbele ya samaki wake hadi jioni. Wanangu wawili wa kiume walipomwita wakacheze, alitikisa kichwa tu.

Ndugu na majirani hawakukosa la kusema. Mmoja alisema ana kiburi. Mwingine alitaka apelekwe kijijini kwa bibi yake. Wa tatu alinishauri nimlaze kitanda kimoja na wenzake ili azoee, atake asitake. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewaona watoto wengi waliofiwa, na najua wengine huomboleza kwa kunyamaza. Nilimwachia nafasi yake. Lakini usiku nilipiga magoti nikimwomba Mungu, maana niliogopa mtoto asije akapotelea ndani ya ukimya ule.

Siku moja mwanangu mdogo alitaka tununue beta wa pili, "ili huyu awe na ndugu." Muuzaji alituambia tuwaweke tu, watazoeana. Hapo yule mtoto akazungumza: "Mama mkubwa, tuangalie kwanza yeye anaweza kukaa na nani." Jioni hiyo tuliketi mezani na daftari. Kwa kila samaki tuliuliza mambo manne: anakaa sehemu gani ya tangi, ana tabia gani, anataka maji ya namna gani, na anakula nini.

Beta wa pili tulimfuta mara moja, awe dume au jike, kwa sababu hata majike hupigana. Gapi wa kiume tuliwafuta pia. Mikia yao mipana yenye rangi humfanya beta adhani ni maadui. Gurami ni wa jamaa yake beta na hugombea sehemu ile ile ya juu. Barbi wenye milia hudonoa mapezi marefu hadi yakabaki matambara. Samaki wa dhahabu hukua mkubwa, huchafua maji haraka, na hupenda ubaridi, ilhali beta hustawi katika nyuzi 24 hadi 28 za Selsiasi. Uduvi wadogo wanaweza kuliwa.

Waliobaki ni wapole wasio na mapezi ya kujionyesha. Wapo rasbora wadogo, ambao huogelea katikati kwa kundi. Wapo konokono. Na wapo kambale wadogo waitwao koridora, ambao hukaa chini kabisa wakichokoachokoa mchanga kwa sharubu zao. Hao tukawachagua, sita kwa pamoja, maana koridora mmoja akiwa peke yake huwa na hofu. Tulichukua aina ya sterbai, inayovumilia joto la maji ya beta. Wakati wa kulisha, beta hupata chakula chake juu, na koridora huwekewa vidonge vyao vinavyozama.

Kisha tukaandaa makao. Beta akiwa peke yake lita 20 zinamtosha. Akiwa na wenzake ni vyema zipite 40. Mume wangu alimwagiza fundi wa vioo tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo likijaa huchukua lita 54. Tuliweka mchanga laini, mimea ya kujifichia, kichujio chenye mkondo mdogo, na mfuniko, kwa sababu beta huruka. Chini ya mfuniko tuliacha nafasi ya hewa, maana yeye huja juu kuvuta pumzi. Tuliongeza na majani makavu ya mkungu yaliyooshwa. Huyafanya maji yawe ya rangi ya chai, kama yale ya kwao. Kichujio kiliendeshwa wiki sita kabla ya wageni kufika, ili bakteria wanaovunja sumu ya amonia wapate kuota.

Koridora walipofika tuliwatenga katika chombo kingine kwa wiki nne. Hospitalini hatumlazi mgonjwa tunayemshuku kuwa na ugonjwa wa kuambukiza katikati ya wodi, na samaki wa dukani ni vivyo hivyo. Siku ya kuwachanganya tulimlisha beta kwanza, tukahamisha mimea ili asidhani kila kona ni yake, tukazima taa. Chombo cha akiba kilikuwa tayari, ikiwa patatokea vita. Beta alitanua mashavu, akawafukuza mara mbili tatu, kisha akarudi juu. Yule mtoto alitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hawamsumbui, kwa sababu hawataki alicho nacho."

Wiki ile ile tulimpatia kitanda chake, rafu yake, na pazia la kuvuta anapotaka kuwa peke yake. Kazi ya kubadilisha robo ya maji kila Jumamosi, baada ya kutoa klorini, tuliwapa wote watatu. Jumamosi moja, mikono ikiwa ndani ya ndoo, aliwasimulia wenzake jinsi mama yake alivyokuwa akiimba anapofua. Nilisimama jikoni nisithubutu hata kugusa sufuria.

Beta alikufa mwaka 2024, maana wengi wao huishi miaka miwili hadi minne tu. Niliogopa kwamba kifo kile kingemrudisha mtoto katika ukimya. Walimzika wote watatu chini ya mpapai, na safari hii yeye ndiye aliyeomba sala.

Wapendwa, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13, wachungaji wa Abramu na Lutu waligombana kwa kuwa nchi haikuwatosha pamoja. Abramu hakumlazimisha Lutu wabanane. Alimpa nafasi achague upande wake, na baadaye Lutu alipotekwa, Abramu ndiye aliyekwenda kumwokoa. Kupeana nafasi hakukuvunja udugu wao.

Kwa hiyo mtoto wako akikuomba mwenza wa beta wake, usimkatalie kwa haraka, wala usikimbilie dukani. Keti naye na daftari. Tangi likiwa dogo, mwache beta peke yake. Hatadhurika kwa hilo. Na kama umepokea mtoto wa ndugu chini ya dari yako, mwandalie kitanda chake kabla hujamdai kicheko. Mungu awajalie hekima na subira katika malezi.