Tulivyonunua Motokaa ya Chama

Tangu motokaa yetu ianze kuonekana katika barabara ya Yangambi, watu wengi wa Kisangani wameniuliza: "Mlimlipa mwuzaji kiasi gani, na mliwezaje kumshusha?" Naona yafaa nijibu kwa maandishi, kwa sababu fedha ile haikuwa ya tajiri mmoja. Ilikuwa akiba ya jamaa 140 za Mangobo, waliokuwa wakiweka kidogo kidogo kwa muda wa miaka saba: wauza mchele, wauza samaki, na waendesha baiskeli za toleka, ambao miguu yao yajua vema thamani ya franka mia tano. Kama tungalinunua kwa upumbavu, hakuna mtu ambaye angaliwarudishia hata jasho la siku moja.

Haja yetu ilikuwa motokaa kubwa, ndefu, yenye nguvu katika magurudumu yote manne. Huko vijijini mgonjwa akizidiwa usiku, hupakiwa juu ya pikipiki, amebanwa kati ya dereva na ndugu yake, na matope ya msitu hayamwonei huruma mtu ye yote. Tena mchele wa wanachama ulikuwa ukioza njiani wakati wa mvua.

Vijana wetu walitamani Land Cruiser ya namba 300, ile iliyotolewa mwaka 2021, yenye viti laini na vioo vyenye kuwakawaka. Lakini Januari 2022 Toyota yenyewe ilitangaza kwamba huko Japani mwenye kuiagiza huenda akangoja hata miaka minne. Basi mahali wanunuzi wanapopanga mstari hivi, mwuzaji gani atapunguza bei? Sisi wazee tulipenda ile ya namba 70, ambayo umbo lake lajulikana tangu mwaka 1984, na ambayo injini yake ya dizeli, yenye silinda sita na lita 4.2, kila fundi wa Kisangani ameifungua mara nyingi. Wala sisemi kwamba ni nzuri kupanda. Mgongo wangu ni shahidi.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Motokaa mpya haizaliwi Kisangani. Huja kwa njia mbili. Ya kwanza yatoka baharini hadi Matadi, kisha kwa barabara hadi Kinshasa, kisha juu ya jahazi la mtoni, safari ya kilometa kama 1,700, ambayo huchukua majuma mengi, na zaidi kama maji yamepungua na jahazi likakwama mchangani. Ya pili yatoka Mombasa, hupita Kampala na Bunia, kisha msituni kwa Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, barabara ambayo si salama siku zote. Kwa hiyo bei anayoitaja mwuzaji aliye mbali ni mwanzo wa hesabu tu. Bei ya kweli ni ile ya motokaa iliyosimama mlangoni pako, ina namba, ina bima, na hakuna karani anayekudai kitu.

Tuliandika barua tatu: kwa mwuzaji mmoja wa Kinshasa, kwa mmoja wa Dubai, na kwa mmoja wa Kampala. Katika kila barua tuliomba hati ya bei, ile ambayo makarani huiita proforma, lakini kwa sharti moja: kila kitu kiandikwe mstari wake mbali. Motokaa peke yake, vitu vya ziada kimoja kimoja, usafiri, bima, kodi.

Wa Kampala tulimwacha upesi. Uganda, kama Kenya na Tanzania, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na motokaa aliyokuwa nayo ilikuwa na usukani upande wa kulia. Katika Kongo twaendesha upande wa kulia. Dereva wa motokaa ya namna hiyo, akitaka kulipita lori katika barabara nyembamba ya msituni, hulazimika kumwuliza abiria aliye kando yake kama mbele kuna kitu. Hiyo ni rahisi ambayo huwa ghali sana.

Wa Dubai alitutia katika majaribu. Bei yake ilikuwa chini kwa dola 11,000 kuliko ile ya Kinshasa, na wanachama wengine walianza kupiga makofi. Niliwaomba wakae, nikachukua chaki. Ushuru wa forodha hauhesabiwi juu ya bei ya motokaa tu, bali juu ya bei pamoja na nauli ya meli na bima. Kisha juu ya jumla hiyo huja kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza kutozwa nchini Januari 2012, nayo ni 16 katika 100. Tuseme ushuru ni 20 katika 100: basi dola 1,000 za Dubai huwa 1,200, na baada ya kodi huwa 1,392, kabla ya kumlipa wakala wa forodha, na kabla ya motokaa kuiona hata ngazi ya bandari ya Kisangani. Tulipomaliza kuandika ubaoni, zile dola 11,000 zilikuwa zimebaki 1,300. Na wa Dubai hakuwa na dhamana yo yote ambayo karakana ya Kinshasa ingaliikubali.

Naye alipoona twasitasita, alitupatia shauri jingine: angetuandikia hati mbili, moja ya bei ya kweli kwa ajili yetu, na nyingine ya bei ndogo kwa ajili ya forodha. Wapo pia jirani waliotuambia tumwendee padre, ili motokaa iandikwe kwa jina la misheni na kusamehewa ushuru, kana kwamba ni chombo cha kazi ya Kanisa. Mambo haya mawili yalijadiliwa kwa sauti kubwa jioni nzima. Aliyeyamaliza ni mama mweka hazina wetu, mwuza samaki wa soko kuu. Aliuliza tu: "Siku wanachama watakapotaka kuiona hati, nitawaonyesha ipi?" Hakuna aliyejibu. Tena forodha huweza kuikataa bei iliyoandikwa, ikaweka ya kwake na kutoza faini. Na motokaa ikipotea njiani, bima huitazama bei iliyo katika karatasi.

Basi mwezi wa Desemba 2022 mama yule na mimi tulisafiri kwenda Kinshasa. Mwezi huo tuliuchagua kwa makusudi. Wauzaji wengi huhesabiwa kazi yao kwa mwezi na kwa mwaka, na motokaa iliyolala uani mwisho wa mwaka ni fedha iliyolala. Tulikuta mbili nyeupe, za namna ile ile tuliyoitaka, na vumbi juu yake. Tulifurahi sana kuliona vumbi lile, ingawa hatukusema neno.

Hati ilisema dola 66,800. Nilisoma mstari kwa mstari. Kulikuwa na kizuizi cha chuma cha mbele, zulia, vitambaa vya viti, na kichanja cha kubebea mizigo juu ya paa: jumla dola 3,000, na kodi yake 480. Kichanja fundi wetu wa Mangobo hukitengeneza kwa siku mbili. Kulikuwa pia na "gharama za maandalizi", dola 900 na kodi 144. Nikauliza ni maandalizi gani. Kijana mwuzaji akaniambia, "Papa, ni kuisafisha na kuikagua." Nikamjibu kwamba motokaa mpya isiyokaguliwa sipendi kuinunua, na iliyokaguliwa sipendi kuilipia ukaguzi mara mbili. Alicheka, akaenda kwa mkubwa wake, akarudi akaufuta mstari. Hivyo tukafika 62,276 bila hata kugombana.

Hapo mama akaanza kazi yake. Watu wa kwetu wanawajua Wagenia: hawamkimbizi samaki katika maporomoko, bali hutega migono yao mikubwa wakangoja maji yafanye kazi. Mama alikaa vivyo hivyo. Kijana alisema, "Mama, hiyo ni bei ya mwisho." Mama akanyamaza. Kijana akaeleza habari za dola, za meli, za vita vya Ulaya. Mama akanyamaza. Mwishowe alisema, "Mwanangu, fedha yote iko benki leo, nami nina ndege kesho. Niandikie 60,000." Walikutana katika 60,500, pamoja na vichujio vya mafuta vya kutosha mwaka mmoja na mikanda miwili ya injini.

Tazameni hesabu hiyo, ndugu zangu. Tuliokoa dola 6,300. Kati ya hizo, maneno ya mama, ambayo kila mtu huyasifu, yalileta 1,776. Zile 4,524 zililetwa na macho yaliyosoma karatasi.

Tulilipa kwa njia ya benki, kwa maana noti ya dola yenye mpasuko mdogo tu hukataliwa po pote katika Kongo, na kubeba mfuko wa noti ni kuwaita wezi. Kabla ya kulipa, nililala chini ya motokaa kwa koti langu la Jumapili, nikailinganisha namba iliyopigwa katika chuma na namba ya hati, tarakimu moja moja. Kijana alishangaa. Kisha tukatafuta jahazi, tukapatana nauli kwa maandishi, na mwanachama mmoja akapanda pamoja na motokaa, akalala ndani yake usiku wote wa safari.

Iliteremshwa bandarini Kisangani siku ya mvua, asubuhi. Jioni ile hati zote, tangu barua ya kwanza hadi stakabadhi ya jahazi, zilibandikwa ukutani katika nyumba ya mikutano, na watu wakaja na taa kuzisoma. Mzee mmoja wa toleka, ambaye hajui kusoma, alimwomba mjukuu wake amsomee ule mstari uliofutwa, mara mbili.