Kilele hakihami

Katikati ya Novemba nilimtembelea dada yangu New Hampshire, Marekani, tukapanda Franconia Ridge pamoja na mwanawe wa miaka 11. Ni mzunguko wa kilomita 14 hivi, na kilele cha Lafayette kina mita 1,600.

Chini palikuwa na matope na majani makavu. Kwenye maporomoko ya maji tulikuta barafu juu ya mawe, tukafunga meno ya chuma viatuni. Miti ilipokwisha, upepo ukatupokea.

Mtoto alikuwa akitetemeka. Akashindwa kufunga zipu, maneno yakawa mazito. Fulana yake ya pamba ilikuwa imelowa jasho.

“Mama mdogo, tumebakiza kidogo!”

Tulirudi kwenye miti, tukambadilisha nguo, tukamvisha kofia ya sufu, tukampa chai tamu ya chupa. Kisha tukashuka kabla giza halijaingia.

Mzazi, mtoto hupoteza joto haraka kuliko wewe. Akitetemeka, mkinge na upepo na umvue nguo zilizolowa. Akizubaa au akiburuza maneno, safari imekwisha, tafuta msaada. Kilele kitakuwepo mwakani.