SEHEMU YA 4: Nesi, kwani kusoma hakuishi?

Tangu niwaambie naomba chuo, inboksi imejaa swali moja: "Nesi, si tayari unazalisha? Masta ya nini tena?"

Ni kweli, kwa diploma yangu nina leseni na nazalisha. Ila sikieni hili.

Miaka mingi tulifundishwa kuwa njia ikifika sentimita 4, kuanzia hapo ifunguke sentimita 1 kila saa. Hesabu hiyo ilitokana na chati iliyotoka Zimbabwe ya leo mwaka 1972. Mama akienda polepole, watu wanaanza kusema "huyu hafunguki", mara dripu ya uchungu, mara upasuaji.

Baadaye watafiti wakafuatilia akina mama zaidi ya 5,000 wa Nigeria na Uganda. Wakaona wengi wanaenda polepole kuliko hapo na wanajifungua salama. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo: uchungu wenyewe uhesabiwe kuanzia sentimita 5, na kwenda polepole peke yake, kama mama na mtoto wako vizuri, si sababu ya kuharakisha.

Umeona? Mtu aliuliza swali, akahesabu, na mama aliyelala leba akapona kisu kisicho cha lazima. Mimi leba nafuata mwongozo. Nataka siku moja niwe miongoni mwa wanaouandika, tena kwa kuwaangalia akina mama wa kwetu.

Safari si fupi jamani. Kutoka diploma naanza shahada, miaka 4, ndipo nije masta ya ukunga na afya ya wanawake pale Muhimbili, miaka 2. Mwanangu wa mwisho yuko chekechea, nikimaliza atakuwa darasa la tano. Baba watoto amekubali, lakini tumekaa na daftari la matumizi hadi usiku wa manane, na kiwanja tumekiweka pembeni kwanza. Inauma, ila nimeamua.

Wewe mjamzito unayesoma hapa, uchungu ukianza usikae nyumbani kuhesabu sentimita, njoo hospitali. Ukishafika, uliza bila woga: "Nesi, nimefunguka ngapi? Mapigo ya mtoto yakoje?" Ni haki yako kujibiwa.

Sehemu ya 5 nitawaeleza habari ya ada na mkopo.