Nyumba ya Sulgrave na Jina la Fatma

Mgeni akifika katika kijiji cha Sulgrave, kusini mwa jimbo la Northamptonshire nchini Uingereza, hatahitaji mtu wa kumwambia nyumba ile ya mawe ni ya nani. Kwenye mlango wa mbele imechongwa alama ya aila iliyoijenga: ngao yenye mistari miwili na nyota tatu. Miaka zaidi ya mia nne imepita, mvua na baridi zimelipiga jiwe hilo, nalo lingali lasema: hapa walikaa watu fulani, wana wa fulani.

Hii ndiyo nyumba ya jadi ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Mwanzilishi wake alikuwa Lawrence Washington, tajiri wa biashara ya manyoya ya kondoo aliyepata kuwa meya wa mji wa Northampton. Mwaka 1539 aliinunua ardhi hii, iliyokuwa mali ya watawa, baada ya Mfalme Henry wa Nane kuzivunja nyumba za watawa na kuzitwaa ardhi zao. Ukianza kwa babake George na kuhesabu kurudi nyuma, Lawrence huyo ni wa saba.

Katika karne ya 17 nyumba ilitoka mikononi mwa aila hiyo. Katika miaka ya 1650 mzao mmoja wa aila, John, alivuka bahari ya Atlantiki akalowea Virginia, koloni la Waingereza. John huyo ndiye babake babu yake George. Hata hivyo, nyumba haikusahauliwa. Mwaka 1914 ilinunuliwa ili kuadhimisha miaka mia moja ya amani baina ya Uingereza na Marekani, ikakarabatiwa, na mwaka 1921 ikafunguliwa kwa wageni.

La ajabu ni kwamba George mwenyewe hakujali sana habari hizi. Mwaka 1792, alipoulizwa kutoka London juu ya nasaba yake, alijibu kwamba hakuwa ameshughulika nayo sana. Aliweza kusema hivyo bila hasara, kwani mtu ambaye jina la mababu zake limechongwa jiweni anaweza kulisahau, na jiwe likamkumbukia.

Sasa na tuvuke bahari kama alivyovuka John, twende Virginia, kwenye kingo za mto Potomac. George alizaliwa mwaka 1732 katika jimbo hilo. Babake alifariki mwaka 1743, na mtoto wa miaka kumi na mmoja akarithi ardhi na watumwa kumi. Baadaye shamba la Mount Vernon likawa lake, naye akaliongeza mpaka likakaribia ekari 8,000. Tumbaku na ngano ya shamba hilo hazikulimwa na mkono wake. Wengi wa waliolima, kupalilia na kuvuna walikuwa wanawake.

Mwaka 1774 iliandikwa orodha ya watu wa Mount Vernon waliotozwa kodi, na kati ya watumwa yamo majina mawili ambayo msomaji wa mwambao hawezi kuyapita hivi hivi: Fatimer, na Fatimer Mdogo. Huenda walikuwa mama na binti. Mwandishi aliliandika jina kama sikio lake lilivyolisikia, lakini sisi twalijua. Ni Fatma, jina la bintiye Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jina linaloitwa kila siku katika nyumba zetu.

Orodha haikutaja baba wala mji wa wanawake hao. Si jambo la kustaajabu kwamba jina hilo lilifika huko, kwani miongoni mwa Waafrika waliotekwa magharibi mwa bara letu walikuwamo Waislamu wengi. Ayuba bin Suleiman, aliyeuzwa Maryland, ng'ambo ya mto huo huo, alimwandikia babake barua kwa Kiarabu. Barua hiyo ikawa sababu ya kukombolewa kwake, na mwaka 1734 akarejea Afrika. Fatma hakupata njia kama hiyo.

Miaka kumi baada ya orodha ile, Washington aliandika barua ya kutafuta mafundi. Alisema wakiwa hodari, haidhuru wakitoka Asia, Afrika au Ulaya, na haidhuru hata wakiwa Waislamu. Aliwataja Waislamu kama watu wa mbali, ilhali jina la Fatma lilikuwa limekwisha kuandikwa katika orodha yake mwenyewe.

Wahenga wetu walisema: mwacha asili ni mtumwa. Lakini Fatma huyu, au wazee wake, hawakuiacha asili. Walitwaliwa kutoka kwayo kwa nguvu. Hawakuwa na nyumba ya kuchonga alama, wala ardhi ya kurithisha. Walikuwa na jina tu. Mama akampa binti, na binti akalipokea. Hiyo ndiyo iliyokuwa nyumba yao ya jadi.

Washington alifariki mwaka 1799. Katika wasia wake aliagiza watumwa wake mwenyewe, 123, waachwe huru. Wengine 153 walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa mkewe Martha, naye hakuwa na haki ya kuwaacha. Baada ya Martha kufa waligawanywa kwa wajukuu wake, na aila zikatawanyika. Leo kaburi la Washington linajulikana na kuzuriwa. Karibu nalo yako makaburi ya watumwa, mengi yasiyo na alama, na mnara mmoja wa kuwakumbuka wote uliowekwa mwaka 1983.

Wala tusilisome jambo hili kama aibu ya watu wa mbali tu. Mwambao wetu ulikuwa na watumwa mpaka utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1907. Wayao, Wanyasa na Wamakua waliletwa hapa, na wengi wakavuliwa majina waliyopewa na mama zao, wakaitwa Mabruki, Feruzi au Baraka. Kule Virginia jina la Fatma lilibaki. Huku kwetu majina mengi ya mama hao yalipotea, na waliyoyapoteza ni wazee wa majirani zetu, wa wenzetu katika safu za sala, na pengine ni wazee wetu wenyewe.

Kwa hivyo, wazazi wapenzi, tunapomwita mtoto jina siku ya akika, tukumbuke kwamba twampa nyumba ambayo hakuna awezaye kuiuza. Na wiki hii, kabla nyanya hajachoka kusimulia, keti naye na daftari. Muulize jina la mamake, na la mama wa mamake, na walikotoka. Akitaja jina lisilo la Kiswahili wala la Kiarabu, usimkatize. Liandike kama alivyolitamka.