Wawili Wenye Jina Moja

Sisi watu wa pwani tunajua tangu zamani la kufanya wanapokuwapo akina Juma wawili mtaani. Hatumlazimishi mmoja abadili jina. Tunamtaja pamoja na baba yake: Juma wa Saidi, Juma wa Bakari, na mambo yanakwisha. Sikudhani kwamba elimu hiyo ndogo ingenifaa mbele ya kompyuta.

Mwaka 2001 niliitwa na chama kimoja cha kuweka na kukopa. Daftari la wanachama lilikuwa katika programu ya Access 97, na kompyuta yao mpya ilikuwa na Access 2000. Nilitoa nakala kwanza, nikafungua faili jipya, nikaingiza humo majedwali, fomu na maagizo yote. Majedwali yalifika salama. Maagizo yakagoma. Palipotajwa Recordset, yaani fungu la kumbukumbu linalosomwa, kompyuta ilijibu kwamba aina hazilingani.

Katika Access 97 jina hilo lilikuwa na mwenyewe mmoja, maktaba iitwayo DAO. Access 2000 ilileta maktaba ya pili, ADO, ikaitanguliza katika mafaili mapya. Nayo ina Recordset yake. Nilikwisha kuiongeza DAO, lakini ilikaa chini ya ADO katika orodha, na programu ikisikia jina tupu humshika aliye juu. Dawa ikawa ile ile ya mtaani: nikaandika DAO.Recordset kila mahali. Jina na baba yake.

Zikabaki safu mbili, Name na Date. Ya pili ni jina la kazi inayotoa tarehe ya leo. Ya kwanza ni sifa ya kila fomu na kila taarifa. Ukiagiza taarifa ionyeshe Name, yaweza kuchapa jina lake yenyewe na kumwacha mwanachama. Mabano ya mraba husaidia kwa kiasi, ila dawa ya kudumu ni kubadili. Nikaziita JinaMwanachama na TareheMalipo. Nilitabasamu peke yangu: programu haijui Kiswahili, kwa hiyo haina neno la kugombania nasi.

Mzee mtunza hazina alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. "Mwanangu," akaniuliza, "ukibadili jina la safu, fedha za watu zitabaki?"

"Zitabaki, mzee wangu," nikamjibu. "Jina ni kibao cha mlangoni. Waliomo ndani hawatoki. Lakini kila aliyezoea kubisha kwa jina la zamani lazima aambiwe."

Ndiyo iliyokuwa kazi kubwa: kupitia maulizo, fomu, taarifa na maagizo, moja baada ya jingine. Kisha tukajumlisha akiba na mikopo katika faili la zamani na katika jipya. Hesabu zikalingana hadi senti. Mzee hakutosheka na jumla. Alichagua kadi za wauza samaki, akazilinganisha moja moja na kioo.

Nimemkumbuka mara nyingi tangu hapo. Mwaka 2013 lilitoka toleo la Access lisiloweza tena kufungua mafaili ya 97, na aliyechelewa kuhama alipata taabu. Programu huja na kupita. Anayeweka akiba hutaka jambo moja tu: akiitwa kwa jina lake, aitike yeye na si mwingine.